Kijana akirudi na homa kutoka safari ya huduma

Likizo ya Juni ikikaribia, vijana wa kanisa huanza kuchangishana nauli ya safari ya huduma: kufyatua tofali za zahanati, kupaka rangi darasa, kuwachotea wazee maji. Mzazi wa Makete au Njombe huuliza watakula nini na nani atawasimamia usiku. Maswali mazuri. Lakini kama safari inashuka Kilombero, ongeza moja: chandarua kipo?

Mtoto aliyekulia kwenye baridi mwili wake haujazoea malaria, na ikimpata humwangusha kuliko wenyeji wake. Tena haijitokezi papo hapo. Dalili kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, wakati kijana ameshafua nguo na kurudi shuleni. Huku kwetu juu, homa hiyo wengi wataiita mafua, au uchovu wa safari.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe, na mweleze mganga alikotoka na alirudi lini. Asipoambiwa, huenda asiwaze malaria kabisa. Kama analala bweni, mwalimu wa bweni naye ajue mapema. Mseto wa dukani bila kipimo, hapana.