Tabora ndio mkoa mkubwa kuliko yote Tanzania. Mbona ramani yake imekatwa mara nyingi hivi?

Chukua Rwanda, chukua na Burundi, ziweke zote mbili ndani ya Mkoa wa Tabora. Zinaingia, na nafasi inabaki. Rwanda ina kilomita za mraba 26,338, Burundi 27,834. Tabora ina takribani 76,150. Kwa eneo, hakuna mkoa mwingine Tanzania unaoufikia.

Na hapo ni baada ya kukatwa. Kuna wakati mtu wa Kigoma, wa Mpanda na wa Kahama wote walikuwa na bosi mmoja, na bosi huyo alikaa Tabora mjini.

Mipaka hii si mambo ya vitabuni tu. Ndiyo inayoamua mgonjwa apewe rufaa kwenda hospitali ipi, ushuru wa tumbaku uingie mfuko wa nani, na wewe ukiwa na shida upande basi kwenda wapi.

Enzi za Jimbo la Magharibi

Kabla ya wakoloni, eneo hili lilikuwa na watemi wengi, kila mmoja na nchi yake. Unyanyembe ilikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Upande wa magharibi alitawala Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Jina la Urambo, ambayo leo ni wilaya, limetokana na yeye.

Wajerumani walijenga boma Tabora na kuifanya makao ya utawala wao katika sehemu hii. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1912, ikaendelea mpaka Kigoma mwaka 1914. Mji uliokuwa njia panda ya misafara ukawa njia panda ya treni.

Waingereza walipoigawa Tanganyika katika majimbo, Tabora ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Chini yake zilikuwemo wilaya kama Tabora, Nzega, Kahama, Kigoma, Kasulu, Kibondo na Mpanda.

Angalia neno hilo "jimbo". Siku hizo lilikuwa na maana ya eneo kubwa la utawala. Leo ukisema jimbo, Mtanzania anaelewa jimbo la uchaguzi, yaani eneo la mbunge. Ndiyo maana mzee akikwambia "Kigoma ilikuwa jimbo moja na sisi", hazungumzii ubunge.

Mkasi ulivyopita

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, majimbo yake hayakufika hata kumi. Muda mfupi baadaye majimbo yakaitwa mikoa, na mikubwa ikaanza kugawanywa.

Kwa upande wa Tabora, mambo yalikwenda hivi:

• Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kigoma ikawa mkoa unaojitegemea. Kahama ikaenda Mkoa mpya wa Shinyanga.

• Katikati ya miaka ya 1970, Mpanda ikatolewa Tabora na kuunganishwa na Sumbawanga, iliyotoka Mbeya. Ukazaliwa Mkoa wa Rukwa.

• Mwaka 2012, Mpanda ikatoka tena, safari hii Rukwa, na kuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi. Mwaka huo huo zilianzishwa pia Geita, Simiyu na Njombe.

Mtu aliyezaliwa Mpanda mwaka 1960 amekaa mikoa mitatu bila kuhama nyumba.

Ndani ya mkoa nako mkasi haukupumzika. Igunga ilikatwa kutoka Nzega. Iliyokuwa Tabora Vijijini ilizaa Sikonge na Uyui. Kaliua ilitoka Urambo. Leo Tabora ina wilaya saba: Tabora, Uyui, Nzega, Igunga, Urambo, Sikonge na Kaliua.

Kwa nini wanagawa?

Sababu inayosikika zaidi ni umbali. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda peke yake ni kama kilomita 210, na ukifika Kaliua bado hujafika Tabora. Hebu fikiria kusafiri hivyo kufuata saini moja ya ofisa wa mkoa.

Sababu ya pili ni watu. Sensa ya 2012 ilihesabu Tabora watu 2,291,623. Ile ya 2022 ilihesabu 3,391,679. Ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka kumi linahitaji madarasa, zahanati na visima zaidi, na kuna wakati linahitaji ofisi zaidi.

Ya tatu ni kwamba mkoa mpya huja na vitu vyake: ofisi ya mkuu wa mkoa, kamanda wa polisi, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa wa Mpanda anayehitaji huduma ya ngazi ya mkoa leo hapelekwi Kitete, Tabora. Mkoa wake una hospitali yake.

Lakini kuna gharama. Majengo, magari, nyumba za watumishi na mishahara vyote vinatoka kwenye mfuko wa umma. Tena halmashauri ikigawanywa, na mapato yanagawanyika. Kata zinazolima tumbaku zikienda upande mmoja, ushuru wa zao hilo unazifuata. Upande uliobaki unaanza kuhesabu upya.

Hakuna kipimo kimoja duniani. Jamhuri ya Dominika, nchi ya Karibi iliyo kisiwa kimoja na Haiti, ina kilomita za mraba kama 48,000 tu. Ni ndogo kuliko Tabora peke yake. Hata hivyo imejigawa katika majimbo 31, ukiacha eneo maalumu la mji mkuu, Santo Domingo. Tanzania nzima, Bara na Zanzibar, nayo ina mikoa 31: Bara 26, Zanzibar mitano.

Nani ana mamlaka ya kukata?

Katiba, ibara ya 2, inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa, wilaya na maeneo mengine kwa kufuata utaratibu wa sheria. Kwa upande wa Zanzibar, lazima kwanza ashauriane na Rais wa Zanzibar.

Lakini maombi kwa kawaida huanzia chini. Yanajadiliwa kwenye vikao vya vijiji na kata, yanakwenda baraza la madiwani, kisha kamati ya ushauri ya wilaya na ile ya mkoa, inayojulikana kama RCC. Kutoka hapo yanapanda TAMISEMI, na mwisho kwa Rais. Yakikubaliwa, mipaka hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji wenye ajenda ya "kugawa eneo" si wa kupuuza. Ukishapita bila wewe, kulalamika baadaye ni kazi.

Wilaya na halmashauri si kitu kimoja

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, na ndipo nauli nyingi zinapopotea bure.

Mkoa na wilaya ni mikono ya Serikali Kuu. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, yaani RC na DC, wanateuliwa na Rais. Wanasimamia ulinzi na usalama na kufuatilia kazi za serikali katika eneo lao.

Halmashauri ni serikali ya mitaa. Ina madiwani waliochaguliwa na wananchi, na mkurugenzi anayesimamia watumishi na pesa. Shule za msingi, zahanati, ushuru wa soko na wa mazao viko huku.

Mipaka yao si lazima ilingane. Nzega ni wilaya moja yenye DC mmoja, lakini ina halmashauri mbili: ya mji na ya wilaya. Kwa hiyo Tabora ina wilaya saba na halmashauri nane.

Mfano mwingine ni Uyui. Wilaya hiyo imeizunguka Manispaa ya Tabora, na makao yake makuu yako Isikizya. Mtu anayeishi kijiji kilicho jirani kabisa na mji anaweza kudhani yuko manispaa, kumbe diwani wake anaingia vikao vya Uyui. Akienda manispaa kuuliza habari ya zahanati ya kijijini kwake, atarudishwa.

Shida yako ipeleke wapi?

• Mgogoro wa jirani, au barua ya utambulisho: anza kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa.

• Mkopo wa asilimia 10 wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: ni pesa ya halmashauri. Muone ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

• Shule haina matundu ya choo ya kutosha, zahanati haina dawa: diwani, kisha mkurugenzi wa halmashauri.

• Jambo la usalama, au halmashauri yenyewe imekwama: ofisi ya mkuu wa wilaya.

• Wilaya imeshindwa kulitatua: mkuu wa mkoa.

Hujui uko halmashauri ipi? Tazama stakabadhi ya ushuru unaolipa sokoni au unapouza mazao. Jina lililoandikwa juu ndilo la wanaochukua pesa yako. Hao ndio wa kuwauliza kwanza.