Vifaru wawili tu wamebaki: Je, seli za ngozi zinaweza kuwarudisha wengine?

Najin na Fatu wanaishi katika hifadhi ya Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia nchini Kenya, wakilindwa na askari usiku na mchana. Ni mama na binti yake. Na ndio vifaru weupe wa kaskazini pekee waliobaki duniani.

Dume wa mwisho, Sudan, alikufa hapo hapo Ol Pejeta Machi 19, 2018, akiwa na umri wa miaka 45. Alikuwa baba yake Najin na babu yake Fatu. Yaani dume hakuna, na majike wawili waliobaki hawawezi kubeba mimba: Najin ana miguu dhaifu ya nyuma, Fatu ana tatizo kwenye mfuko wa uzazi.

Kwa njia ya kawaida, habari ya mnyama huyu imekwisha. Ndiyo maana wanasayansi wamehamia maabara.

Njia ya kwanza: mayai ya Fatu

Tangu 2019, mradi wa kimataifa uitwao BioRescue umekuwa ukivuna mayai kutoka kwa vifaru hawa. Mayai husafirishwa haraka hadi maabara iliyoko Cremona, Italia, ambako hurutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizokuwa zimegandishwa. Viinitete zaidi ya 30 vimeshapatikana na kuhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi joto -196 za Selsiasi.

Mpango ni kuvipandikiza kwa majike wa vifaru weupe wa kusini, ndugu zao wa karibu, wawabebee mimba.

Januari 2024 mradi ulitangaza kwamba njia hiyo inawezekana. Kiinitete cha kifaru wa kusini kilipandikizwa kwa jike aitwaye Curra huko Ol Pejeta, na mimba ikashika. Lakini habari ilikuja na msiba ndani yake: mvua kubwa ilikuwa imefukua bakteria hatari ardhini, Curra akaambukizwa na kufa. Mimba ilikuwa na siku 70. Kichanga tumboni, dume, kilikuwa na urefu wa sentimita 6.4.

Tatizo ni kwamba viinitete vyote vya kaskazini vimetokana na mayai ya Fatu. Najin alistaafishwa kutoa mayai mwaka 2021 kwa sababu ya umri na afya yake, bila kuacha kiinitete hata kimoja. Kwa hiyo ndama wote watakaozaliwa kwa njia hii watakuwa wa mama mmoja, na baba zao ni wachache. Huwezi kujenga kundi lenye afya kwa damu ya jike mmoja.

Hapo ndipo seli shina zinapoingia.

Seli shina ni nini hasa?

Siku chache baada ya yai kurutubishwa, kiinitete huwa kama kijimpira kidogo sana. Ndani yake kuna fungu la seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Zinaweza kuwa moyo, mfupa, ngozi, hata yai au mbegu. Ukizitoa na kuzilea vizuri maabara, huendelea kuzaliana bila kuchagua njia. Hizo ndizo seli shina za kiinitete.

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akaonyesha njia nyingine. Alichukua seli za kawaida za panya, akaziongezea jeni nne tu, zikarudi utotoni na kuwa kama seli shina. Ugunduzi huo ulimpa tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Kwa kifaru, maana yake ni kubwa. Seli za ngozi za vifaru weupe wa kaskazini wapatao 12, wengi wao wamekufa zamani, zimegandishwa huko San Diego, Marekani. Kama seli ya ngozi inaweza kurudishwa kuwa seli shina, na seli shina ikafundishwa kuwa yai, basi hata waliokufa wanaweza kuacha watoto.

Imeshafanyika kwa panya. Kwa nini kifaru asifuate?

Kwa sababu kifaru si panya. Sentensi inachekesha, lakini imewagharimu watafiti miaka mingi.

Seli shina za kiinitete cha panya zilipatikana 1981, kazi ya Martin Evans na Matthew Kaufman huko Cambridge, na ya Gail Martin huko California. Ungetegemea wanyama wengine wafuate upesi. Wapi! Hata panya buku, anayefanana na panya mdogo kiasi cha wengi kuwachanganya, alisubiri hadi 2008. Ni miaka 27. Nyani aina ya rhesus alitangulia, 1995, na binadamu 1998. Ng'ombe, mnyama ambaye binadamu amemzalisha kitaalamu kwa miongo mingi, alisumbua hadi 2018 ndipo seli zake zikatulia vizuri maabara.

Kwanza, chakula chao ni tofauti. Seli za panya hutulia zikipewa protini iitwayo LIF. Wapelekee seli za binadamu protini hiyo peke yake, haziendi popote, zinahitaji nyingine.

Pili, umbo. Siku za mwanzo, seli zitakazojenga mwili wa panya hujipanga kama kikombe. Za binadamu, nguruwe na sungura hulala bapa kama sahani. Umbo hilo linaamua seli ipi iko jirani na ipi, na nani anampa nani amri.

Kisha kuna muda. Panya huzaa baada ya siku kama 20. Mimba ya kifaru ni miezi 16 hivi. Saa iliyomo ndani ya seli zao haiwezi kwenda mwendo mmoja.

Kwa kifaru hakukuwa na kitabu cha kufuata. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kupata seli shina kutoka viinitete vya kifaru wa kusini. Za kaskazini hazikuguswa, ni chache mno kuvunjwa kwa majaribio. Seli hizo za kusini ndizo zilizotumika kutafuta njia, kisha ikajaribiwa kwa kifaru wa kaskazini.

Desemba 2022, timu ya Katsuhiko Hayashi wa Japani ikatoa jibu la kwanza. Walitumia seli shina zilizotengenezwa kutoka kwa Nabire, jike wa kaskazini aliyekufa 2015 katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Czech. Wakazisukuma hadi hatua ya seli changa ambazo ndizo mwanzo wa mayai na mbegu za kiume. Katika safari hiyo jeni iitwayo SOX17 ilionekana kushika usukani, kama ilivyo kwa binadamu. Kwa panya, jeni hiyo haina kazi hiyo. Yaani hapa kifaru amekaa upande wetu.

Bado kuna mlima

Kutoka seli hizo changa hadi yai lililokomaa ni mbali. Kwa panya, Hayashi na wenzake walifika huko 2016, lakini seli changa zililelewa pamoja na tishu ya ovari iliyotolewa kwa kijusi cha panya. Kijusi cha kifaru utakipata wapi? Itabidi tishu hiyo nayo itengenezwe kwa seli shina, jambo ambalo kwa panya liliwezekana 2021.

Wapo wanaouliza kama fedha hizi zisingefaa zaidi kulinda vifaru walio hai. Swali lina uzito. Vifaru wa kaskazini hawakumalizwa na ugonjwa. Walikuwa wakikadiriwa kufika 2,000 hivi mwaka 1960. Kufikia 1984 walibaki kama 15 katika hifadhi ya Garamba, Congo, na vita na majangili wa pembe wakamalizia kazi. Ndama wa maabara bado atakuwa na pembe ile ile.

Kwa watafiti, haraka ina sababu nyingine. Ndama atazaliwa na mama wa kusini, na wanataka ajifunze maisha ya kifaru wa kaskazini kutoka kwa wa kaskazini wenyewe. Walimu ni wawili tu. Fatu alizaliwa 2000, na Najin alizaliwa 1989.