FATAKI: KUUZWA SI KURUHUSIWA

Mwezi Desemba watu wengi wa Kitandililo huenda Makambako kununua mahitaji ya sikukuu. Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapo. Barabara ya Songea inaachana hapo na barabara kuu ya kwenda Mbeya. Bidhaa za kila namna hufika, na fataki zinaweza kuwamo.

Mtu akiziona fataki mezani kwa mchuuzi, huwaza hivi: "Kama zingekuwa kosa, zingeuzwa mchana kweupe?" Wazo hilo limewaponza wengi.

Fataki ni baruti. Baruti ya zamani ni mchanganyiko wa mkaa, salfa na chumvi iitwayo shura. Tanzania ina Sheria ya Baruti tangu mwaka 1963. Baruti haiingizwi nchini, haihifadhiwi wala haiuzwi bila kibali. Tena, kibali cha muuzaji si kibali chako wewe mnunuzi. Karibu kila mwisho wa mwaka polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza redioni kwamba ni marufuku kupiga fataki bila kibali. Hukataza pia kuchoma matairi barabarani. Kwa hiyo anayetaka kupiga fataki aende kwanza kituo cha polisi kuuliza, kabla ya kutoa fedha yake.

Je, kijiji nacho kina neno? Ndiyo. Kijiji kinaweza kuwa na sheria ndogo juu ya moto au kelele za usiku. Serikali ya kijiji huiandika, mkutano wa kijiji huijadili, na halmashauri iliyo juu yake huipitisha. Kabla ya kupitishwa, hayo ni mapendekezo tu. Mwombe mtendaji wa kijiji akuoneshe maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Usikubali kutozwa faini kwa sheria ya mdomoni.

Watu wengine husema serikali inawanyima furaha. Lakini tazama yaliyotokea Kampala, Uganda, usiku wa kuamkia mwaka 2023. Watu walikusanyika katika jumba la maduka la Freedom City kutazama fataki. Walisongamana katika njia nyembamba, wakakanyagana. Watu wasiopungua 9 walikufa, na kati yao walikuwamo watoto. Fataki zenyewe hazikumchoma mtu hata mmoja kati ya hao. Kwa hiyo mahali, saa na idadi ya watu ni mambo ya kufikiriwa pia.

Huku kwetu hatari ni nyingine. Cheche ikiangukia paa la nyasi au shamba la miti, hasara ni ya jirani, na jirani anaweza kukushtaki hata kama ulikuwa na kibali. Hata vile vijiti vya cheche wanavyopewa watoto si vya kuchezea. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Kijiti hicho hufika kama nyuzi 1,000.

Neno fataki lina maana nyingine pia. Wachimba madini na wapasua mawe huita fataki kile kifaa kidogo cha kulipulia baruti. Hicho si cha sikukuu kabisa. Kinaweza kukata vidole vya mkono. Mtoto akikiona kwenye machimbo ya mawe asikiguse, wala mtu mzima asikibebe kukipeleka ofisini. Weka alama mahali hapo, zuia watu, kisha uwaite polisi.