Kaloli, kaveera na viza: albamu tatu tulizosikiliza Kalerwe

 

Vijana wengi wanatupigia simu na kutuuliza: jamani, hakuna muziki mwingine zaidi ya ule unaopigwa redioni kila siku? Upo. Mwezi huu tumechagua albamu tatu za bendi zisizo chini ya makampuni makubwa. Muziki wa namna hii Wazungu wanauita indi, yaani wa kujitegemea: bendi inatunga inavyotaka, na kampuni ndogo ndiyo inatoa. Gitaa mtalisikia kidogo, lakini ule ukali wa roki umo wote.

Kwa asiyepajua Kalerwe, ni soko kubwa la chakula upande wa kaskazini wa Kampala, kwenye barabara ya kwenda Gayaza. Wengine wetu tunabeba mizigo, wengine tunauza nyanya na dodo. Muziki tunasikiliza jioni, simu moja na spika ndogo, watu sita chumba kimoja. Kwa hiyo maoni haya ni ya watu sita, na hatukukubaliana kwa kila kitu!

Ya kwanza inaitwa Kaloli, ilitoka mwaka 2020. Bendi ni Nihiloxica, ya hapa hapa Kampala: wapiga ngoma wa Uganda pamoja na Waingereza wawili, mmoja kwenye dramu na mwingine kwenye vinanda vya umeme. Kaloli ni yule ndege mkubwa mwenye kipara anayesimama kwenye takataka za soko, sisi tunamwona kila asubuhi. Na majina ya nyimbo ni ya mtaani kabisa. Moja inaitwa Black Kaveera, ule mfuko mweusi wa plastiki. Nyingine Tewali Sukali, yaani hakuna sukari. Nani kati yetu hajalala siku moja bila sukari?

Hamna kuimba humo, ni ngoma tu na mashine. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kiganda, alipita mlangoni akasimama. Akaanza kutaja ngoma kwa majina: hiyo engalabi, ile ndefu yenye ngozi ya kenge, hiyo embuutu, hiyo empuunyi, ya sauti nzito. Halafu akauliza, "Na huyo nyuki ni nani?" Nyuki ndicho kile kinanda. Tulicheka sana, lakini mzee alikaa mpaka mwisho.

Ya pili ni ya bendi hiyo hiyo, Source of Denial, ya mwaka 2023. Hii ni ya hasira. Mwaka 2022 walilazimika kufuta ziara nzima ya Uingereza kwa sababu ya mambo ya viza, basi wakaigeuza hasira yao kuwa albamu: fomu, kungoja, kukataliwa. Ngoma zinagonga kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Wawili kati yetu walisema ni kelele, inaumiza kichwa, na kweli si muziki wa kumlaza mtoto. Lakini wanne tulinyamaza. Kila familia huko kambini inajua kungoja jibu la karatasi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Hatujawahi kusikia mtu ameupigia ngoma muda ule wa kungoja. Kumbe inawezekana.

Ya tatu inatoka Kinshasa: Butu, ya bendi ya KOKOKO!, mwaka 2024. Wanaojua Kilingala wanajua kwamba butu ni usiku. Ni kelele za mji usiku, watu, honi, spika, na mwimbaji anayeita kama konda wa taksi. Bendi hii ilianza kujulikana kwa vyombo walivyojitengenezea wenyewe kwa chupa, makopo na vyuma vya kutupwa. Vizuri zaidi mvisikie kwenye albamu yao ya kwanza, Fongola, ya mwaka 2019. Butu ina mashine nyingi zaidi. Kwa kucheza, hii inashinda zote. Kasoro yake ni kwamba ukiisikiliza yote mara moja unachoka, haikupi nafasi ya kupumua.

Sasa wazazi watauliza, haya yote yatusaidie nini? Sisi tunaona hivi. Watu hawa hawakungoja gitaa la dola mia tano. Mmoja alichukua ngoma ya babu yake, mwingine akachukua kopo la jalalani. Huko kambini makopo ya mafuta yapo, madumu yapo, na wazee wanaojua midundo ya nyumbani bado wapo. Lakini hawatakuwepo siku zote. Watoto wengi waliozaliwa kambini hawajawahi kufundishwa hata mdundo mmoja wa kijiji cha mama yao. Viza inaweza kukataliwa, lakini mdundo mtu akishaujua anahama nao, na hakuna ofisi ya kumwuliza fomu yake iko wapi.

Kwa hiyo tunaomba familia zijaribu jambo moja mwezi huu. Jioni moja, sikilizeni wimbo mmoja kati ya hizi pamoja na mzee wa nyumbani. Halafu zimeni simu, mmwombe awapigie mdundo wa kwao, hata juu ya dumu. Kijana mmoja aurekodi. Mzee akisema muziki wenu ni kelele, msibishane naye, mpeni dumu tu.

Tuandikieni mtueleze ilikuwaje, na mdundo huo unaitwaje kwenu. Tutayaandika majibu katika toleo lijalo. Mbaki salama.