Kahawa Ikichoma Tumbo: Jawabu kwa Dada Zetu wa Kakamega



Watu wa Pwani hawakuanza jana kuishi Kakamega. Misafara ya wafanyabiashara iliyokuwa ikitoka mwambao kuelekea Uganda ilipiga kambi Mumias katika karne ya 19, kwenye himaya ya Nabongo wa Wawanga, na Uislamu ukatia mizizi huko kabla Waingereza hawajahamisha makao yao ya utawala kutoka Mumias kwenda mji wa Kakamega mwaka 1920. Hivi leo wako huko walimu, wauguzi, wenye maduka, wake waliofuata waume zao kazini na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wengi wamehama na midila yao. Katika mji ambao mgeni hukaribishwa kwa chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani yake, wao bado huitafuta kahawa.

Na kahawa hiyo, kwa mujibu wa barua zinazotufikia, inawasumbua. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Lamu anayefundisha shule mjini humo, anaeleza kwamba kwao alikunywa kahawa tungu tangu usichana wake na hakupata kujua kiungulia ni kitu gani. Tangu ahamie Kakamega, kikombe cha asubuhi humchoma chini ya chembe cha moyo, tumbo hujaa upepo, na mara nyingine hana budi kukimbilia choo kabla ya kipindi cha kwanza. Jirani amemwambia ni maji ya huko. Wifi yake asema ni baridi. Yeye mwenyewe ameihukumu kahawa, na anatuuliza iwapo aiache kabisa. Kisha, katika mstari wa mwisho, kama mtu ataje jambo dogo, anasema kuwa kwa miezi kadhaa amekuwa akimeza dawa za kutuliza maumivu kwa sababu ya kichwa kinachomshika nyakati za alasiri. Mstari huo ndio uliotufanya tuandike makala haya badala ya kumjibu kwa maneno mawili.

Kahawa imewahi kushtakiwa kwa makubwa zaidi ya haya. Masufi wa Yemen waliinywa tangu karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, lakini mwaka 1511 mtawala wa Makka, Kha'ir Beg, aliipiga marufuku, na matabibu wakasimama kutoa ushahidi kuwa inaudhuru mwili. Sultani aliyekuwa Misri aliitengua amri ile. Sisi nasi twaona mshtakiwa huyu ana kosa, ila si kosa lote analobebeshwa.

Kosa lake ni hili. Kahawa hulichochea tumbo litoe tindikali nyingi zaidi. Kwa baadhi ya watu hulegeza pia msuli unaofunga mlango baina ya umio na tumbo, na mlango ukilegea, tindikali hupanda juu. Huo ndio moto unaohisika kifuani. Tena huuamsha utumbo mpana. Katika uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1990, vijana 99 waliulizwa habari ya kahawa na haja kubwa, na 29 katika kila 100 walisema kuwa kahawa huwaita chooni, wengi wa hao wakiwa wanawake. Wachunguzi walipopima mwendo wa utumbo waliuona ukianza kusukuma ndani ya dakika 4 baada ya kahawa kunywewa, hata ile iliyotolewa kafeini, ilhali maji ya moto matupu hayakuleta athari hiyo. Basi mwalimu wetu asione haya. Mwili wake unafanya yafanywayo na miili ya wengi.

Lakini mbona Lamu haikuwa hivi? Maji yasiyochemshwa huleta maradhi yake, nayo hayangojei kikombe cha kahawa. Baridi ya Kakamega, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, haimchomi mtu tumbo. Humfanya tu aongeze vikombe. Tulipoisoma barua mara ya pili, tuligundua kuwa kilichobadilika ni kahawa yenyewe na namna ya kuinywa. Lamu alikunywa kifinjani kisichozidi mafunda machache, bila maziwa, wakati wa alasiri, chakula cha mchana kikiwa kimekwisha kutulia, na pembeni kuna tende au kipande cha halua. Kakamega anakunywa kikombe kikubwa cha kahawa ya kuyeyuka, vijiko viwili vilivyojaa, maziwa nusu kwa nusu, alfajiri, tumbo likiwa tupu, kisha anarudia saa nne katika mapumziko ya shule. Jina ni moja, vinywaji ni viwili.

Wingi wa kikombe ni jambo la kwanza. La pili ni aina ya buni. Kahawa nyingi za kuyeyuka huchanganywa na robusta, ile ilimwayo kwa wingi nchi jirani ya Uganda, ambayo buni yake ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika, zao kuu la Kenya. La tatu ni njaa. Tindikali inayochochewa wakati tumbo halina chakula haina cha kushughulika nacho, na mwenye tumbo jepesi huihisi upesi.

Maziwa nayo twayaleta mbele kwa makusudi, maana watu huyadhania kuwa ni dawa. Takriban thuluthi mbili ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi vyema sukari iliyomo ndani ya maziwa mabichi, na tumbo la mtu wa namna hiyo hujaa upepo, hunguruma na kulegea. Angalia jinsi dalili hizo zinavyofanana na zile za barua. Anayetaka kujua ukweli wa tumbo lake na ajaribu kwa wiki moja: kahawa ile ile, kikombe kidogo, bila maziwa, baada ya kula. Upepo ukiondoka, mshtakiwa amepatikana, naye si kahawa.

Kula kwanza si jambo zito Kakamega. Ni mji wa viazi vitamu na nduma za kuchemsha asubuhi, na vipande viwili vyatosha kutangulia kikombe. Tangawizi, ambayo kwetu haikosekani katika mdila, huwatuliza wengine na kuwachoma wengine. Mwenye kiungulia aipunguze au aibakize iliki peke yake. Asilale wala asijiinamishe mara tu baada ya kunywa. Na kahawa iachwe ipoe kidogo. Mwaka 2016 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani iliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, lakini katika tangazo lilo hilo ilisema kuwa kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la kupita nyuzi 65, kiwe chai, kiwe kahawa, kiwe maji, yamkini husababisha saratani ya umio. Maradhi hayo ni mengi mno katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Kujisifu kwa kunywa kitu kingali kikitokota ni tabia tungependa iishe majumbani mwetu.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa mwisho wa barua.

Mtu aliyezoea kahawa kila siku akiikosa, kichwa humuuma. Maumivu hayo aghlabu huanza baina ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, na yaweza kuendelea siku kadhaa. Dada yetu, kwa kuliogopa tumbo, amekuwa akiiacha kahawa siku mbili na kuirudia siku ya tatu. Siku anayoiacha, alasiri kichwa kinamgonga. Anameza dawa, mara nyingi hajala. Dawa alizozitaja ni zile za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo duka lolote la dawa huuza bila maswali mengi, na ambazo huudhoofisha utando unaolinda ukuta wa tumbo. Zikizoeleka huleta vidonda. Kisha anakunywa kahawa juu ya utando uliokwisha kuchubuka, anaungua, anailaumu kahawa, anaiacha, na kichwa kinarudi. Ni mzunguko, na kila mzunguko humzidishia madhara huku akidhani anajitibu. Akitaka kupunguza kahawa, apunguze kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na kichwa kikimshinda, parasetamoli kwa kipimo chake haina ukali huo juu ya tumbo.

Kahawa hukitonesha kidonda cha tumbo. Haijathibitika kuwa ndiyo inayokileta. Hayo yalifahamika baada ya mwaka 1982, pale madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipomgundua kijidudu aitwaye Helicobacter pylori akiishi ndani ya tumbo la mwanadamu. Wenzao walikataa kuamini kuwa kiumbe chochote kingestahimili tindikali ile, na mwaka 1984 Marshall akanywa maji yenye vijidudu hivyo, akaugua tumbo, akawa shahidi wa nafsi yake. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hiki kimeenea sana Afrika Mashariki, na wengi hukipata utotoni bila kujijua. Kinatibika: aina mbili za viuavijasumu, au zaidi, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, kwa kawaida kwa siku 14, bila kuruka hata moja. Asali na habasoda zina nafasi yake katika nyumba zetu, wala hatuzidharau, lakini hazishiki mahali pa matibabu hayo.

Kipimo cha choo cha kukitafuta kijidudu hiki hufanywa katika hospitali na maabara nyingi. Lipo jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: aliyekuwa akimeza omeprazoli huweza kupata jibu la kuwa hana kijidudu ilhali anacho. Daktari humtaka aiache dawa hiyo kwa wiki mbili kabla ya kupima, na viuavijasumu kwa wiki nne. Yule anayejinunulia omeprazoli dukani mwezi baada ya mwezi huenda hospitali, akarudi na karatasi njema, na kidonda kikabaki pale pale. Magadi nayo, yale ya kuyeyushwa katika glasi ya maji, hutuliza kwa muda mfupi, na ni chumvi nzito kwa mwenye presha na kwa mjamzito. Maziwa baridi hupoza dakika chache, halafu yenyewe huliamuru tumbo litoe tindikali upya.

Zipo dalili zisizongoja wiki ya majaribio. Choo kikiwa cheusi cha kunata kama lami, au matapishi yakiwa na damu au yenye rangi na umbo la mashapo ya kahawa, hiyo ni damu iliyoganda tumboni, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hukitia choo weusi, basi mjamzito anayevitumia amweleze daktari asije akatishika bure.) Kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, na uchovu wenye weupe wa macho na viganja, hayo pia ni ya daktari. Twamsihi dada yetu aende akapimwe juma hili, na huku akiziacha zile dawa. Tena mume wake na ajue. Wanawake wengi huficha maumivu ya tumbo mpaka wazimie jikoni, kwa kuwa nyumba haina wa kuishika.

Kwa wajawazito tuna maneno mawili. Mwili wa mjamzito huitoa kafeini polepole mno, hususan miezi ya mwisho, na kiungulia chake kwa kawaida ni kikali zaidi. Vikombe viwili vidogo kwa siku vyatosha, na pungufu ya hapo ni bora. Jingine ni kwamba chai na kahawa zikinywewa pamoja na chakula, au katika saa inayofuata, huzuia sehemu kubwa ya madini ya chuma yasiingie mwilini. Anayejipikia saga na kunde ili aongeze damu, kisha akashushia kwa chai, anajipunguzia faida ya mboga yake. Kwa mwenye upungufu wa damu, kikombe kiwe mbali na chakula kikuu, baada ya kitafunio chepesi.

Na Ramadhani itakapokaribia, asingoje mwandamo ndipo aiache kahawa ghafla, kwa maana kichwa cha siku za kwanza za saumu aghlabu hutokana na hilo. Apunguze wiki mbili kabla, kikombe kimoja kimoja. Wakati wa kufuturu tumbo lipokee tende, maji na uji kwanza. Kifinjani kingoje hadi baada ya tarawehe, na daku iwe wakati wa maji.