Pwani si Mchanga Pekee

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma hili katika mazungumzo yetu ya kila wiki.)



Mkazi wa Nairobi, Nakuru au Eldoret akikuambia kwamba anashuka Pwani, aghalabu huwa na mambo mawili akilini: mchanga mweupe na maji ya kuogelea. Akirudi, picha zake ni zile zile za kila mwaka. Mnazi umeinama, bahari imetulia, na yeye mwenyewe kajilaza kitini. Hakuna ubaya katika hayo. Hata hivyo, pwani ya Kenya kuanzia Vanga hadi Kiunga ina sura ya pili, ambayo wageni wengi huipita bila kuitupia jicho. Sura hiyo ni ya mawe. Kuna majabali yaliyochongoka, mapango, visiwa vyenye umbo la uyoga, na mikono ya bahari inayopenya bara kilomita kadhaa. Leo ningependa tuizungumze sura hiyo: imetokana na nini, ni wapi pa kuitazama vizuri, na kwa nini mtu anayekwenda kuitazama yampasa kwanza aujue mwezi.

Tuanze na jiwe lenyewe. Jiwe la pwani halifanani na lile la Nyeri, lililotapikwa na volkano. Hili ni matumbawe. Matumbawe hujengwa na viumbe wadogo sana wa baharini. Kila kizazi huacha mifupa yake ya chokaa, na kizazi kinachofuata hujenga juu yake. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu nyingi ilikuwa imeyeyuka, na bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa mita kadhaa. Matumbawe yakamea katika maji hayo. Kisha zikaja zama za baridi. Maji mengi ya dunia yakaganda kuwa barafu katika nchi za kaskazini, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka kiasi cha mita 120 chini ya ilipo sasa. Yale matumbawe ya kale yakaachwa nchi kavu, yakafa, yakawa mwamba. Ndiyo mawe yaliyojenga nyumba za Mji wa Kale, na ndiyo yanayochimbwa na kukatwa kuwa matofali hadi leo.

Mito nayo ilikuwa na kazi yake. Bahari iliposhuka, mito iliteremka kwa nguvu kuifuata na kuchimba mabonde yenye kina kirefu katika mwamba ule. Barafu ilipoyeyuka tena, bahari ikarudi na kuingia katika mabonde hayo. Hivyo ndivyo zilivyopatikana hori za Mtwapa, Kilifi na Tudor, na ndivyo ilivyopatikana bandari ya Kilindini. Walioipa mahali hapo jina la Kilindini hawakuwa na mitambo ya kupimia. Walijua tu kwamba kilindi ni maji yenye kina. Meli kubwa za leo zinazotia nanga Mombasa zinaelea juu ya bonde la mto lililozama.

Kazi ya tatu ni ya bahari yenyewe, nayo inaendelea hata wakati huu ninapozungumza. Mwamba wa matumbawe ni chokaa. Maji ya chumvi huulainisha, konokono na viumbe wengine wa baharini huukwangua wakitafuta chakula, na mawimbi humalizia. Lakini kazi hiyo hufanyika zaidi pale maji yanapopanda na kushuka kila siku. Kwa hiyo jabali huliwa chini, huku juu likibaki kama lilivyokuwa. Ukilitazama kutoka ubavuni utaona limetokeza kama paa la kibanda. Shika jambo hilo, msikilizaji, kwani tutalirudia.

Sasa ni wapi pa kwenda? Tuanzie kusini. Shimoni, katika kaunti ya Kwale, imepata jina lake kutokana na pango kubwa lililo chini ya mwamba huo huo wa matumbawe. Wenyeji husimulia kwamba watu waliokamatwa utumwani walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja. Wanakijiji wenyewe ndio wanaolisimamia, na kiingilio unacholipa husaidia mahitaji ya kijiji. Ng'ambo ya mlango wa bahari kuna kisiwa cha Wasini. Huko utaona bustani ya mawe: matumbawe ya kale yamesimama wima kama watu waliogeuzwa mawe, katikati ya mikoko. Akina mama wa kisiwani wamejenga daraja la mbao linalopita juu yake, ili mgeni atembee bila kukanyaga. Siku nyingine ardhi chini ya daraja ni kavu, na siku nyingine maji yamejaa. Yote yategemea mwezi.

Kisiwani Mombasa, anayetaka kuona jabali na bahari vikikutana hana haja ya kulipa hoteli. Barabara ya Mama Ngina, karibu na Ras Serani, inapita ukingoni mwa mwamba. Chini yako mawimbi yanapiga, nyuma yako mibuyu mikubwa imesimama, na mbele yako meli inaingia Kilindini karibu kiasi cha kuwaona mabaharia. Mahali hapo palikarabatiwa na kufunguliwa rasmi Oktoba 2019, na jioni familia za mjini humiminika kula mhogo wa kuchoma na viazi vya karai. Fort Jesus nayo, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo huo. Itazame kutoka majini, ukiweza kupata mashua, uone jinsi ukuta wa binadamu ulivyopandishwa juu ya ukuta wa matumbawe. Bahari imeula mwamba wa chini hata ikalazimu kujengwa ukuta mwingine wa kuyazuia mawimbi.

Ukienda kaskazini, Kilifi ina daraja lililofunguliwa mwaka 1991 mahali pa feri ya zamani. Abiria wengi huvuka wamelala. Basi wewe usilale. Angalia pande zote mbili uone jinsi maji yalivyozamisha bonde, na jinsi kingo zake zilivyo ndefu. Afadhali zaidi, shuka upande wa kusini uende kwenye magofu ya Mnarani. Pale pana msikiti wa kale, makaburi na mibuyu juu ya mlima mdogo, na hori yote ya Kilifi iko chini ya macho yako.

Watamu ndiko kwenye vile visiwa vya uyoga nilivyovitaja. Vilikuwa sehemu ya bara. Bahari ikavikata, na sasa inavila miguuni. Kimoja huitwa Kisiwa cha Nyangumi kwa umbo lake, na ndege aina ya membe huja kutaga juu yake. Eneo hilo la bahari limehifadhiwa tangu mwaka 1968, sawa na lile la Malindi. Nyuma yake ni hori ya Mida yenye mikoko mingi, na si mbali na hapo ni magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024.

Huko Malindi, juu ya rasi ya mawe, umesimama mnara wenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, ukumbusho wa Vasco da Gama aliyefika Aprili 1498. Kila mtu ana haki ya kuwa na maoni yake kuhusu mgeni huyo na yale yaliyofuata. Lakini rasi hiyo ni mahali pazuri pa kuona wimbi linavyofanya kazi. Na ukipata nafasi ya kwenda bara kidogo hadi Marafa, utaona kinyume chake. Huko si bahari bali ni mvua iliyochonga mchanga na udongo kuwa bonde la nguzo nyekundu na nyeupe. Wagiriama wanapaita Nyari, yaani mahali palipovunjika penyewe. Wazee husimulia habari ya tajiri aliyekuwa akioga maziwa, Mungu akamghadhibikia, na ardhi ikamdidimiza.

Sasa tuje kwenye mwezi. Maji ya bahari hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Tofauti kati ya kupwa na kujaa yaweza kukaribia mita nne, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili. Katikati ya nyakati hizo huwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi. Mvuvi analijua hili tangu utotoni. Mgeni wa mjini halijui, na hapo ndipo penye hatari.

Fikiri kidogo. Saa nne asubuhi mgeni anatembea kwa miguu mpaka kwenye kisiwa kidogo au chini ya jabali, juu ya mchanga mkavu. Anapiga picha, anapumzika kivulini. Maji yanapoanza kurudi hayaji mbele yake. Hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yake. Akigutuka, njia aliyojia imekuwa bahari. Mwingine anafika saa kumi jioni, jua limepoa, naye anasimama kwenye ukingo kabisa wa jabali ili apate picha ya wimbi. Hajui kwamba chini ya nyayo zake mwamba umekwisha kuliwa, na kwamba saa hiyo ndiyo bahari iko juu na ina nguvu. Wakati wa kusi, tangu Aprili hivi hadi Septemba, hatari huzidi.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, muulize mvuvi au mwenye mashua: leo ni bamvua au maji mafu, na yanapwa saa ngapi? Ni swali la bure, na jibu lake laweza kukuokoa. Kaa hatua kadhaa kutoka ukingoni. Usimwachie mtoto mkono. Vaa viatu, kwa maana matumbawe hukata kama wembe. Wala usivunje kipande cha kwenda kukiweka mezani. Katika hifadhi za bahari ni kosa, na popote pale ni hasara.

Neno la mwisho ni kuhusu haki. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Hii ina maana kwamba ufuo ni wa mpishi na dereva sawa na ulivyo wa mwenye hoteli. Lakini haki ya kusimama ufuoni haina faida ikiwa hakuna njia ya kuufikia. Katika sehemu nyingi vichochoro vya wavuvi vimezibwa kwa kuta na malango, kimoja leo, kingine mwakani. Serikali za kaunti zinapaswa kuhakikisha kwamba njia za umma zilizomo katika ramani ziko wazi pia ardhini, na wananchi nao wazitumie. Njia isiyopitwa na watu huota majani, na iliyoota majani ni rahisi kujengewa ukuta.

Mwamba huu umedumu zaidi ya miaka laki moja, na hautahama kabla hujafika. Wahenga walisema, kawia ufike. Nenda, utazame, urudi salama uwasimulie wenzako. Hadi juma lijalo, kwaherini.