Mfuko, mtungi au kibuyu: pesa ya Malambo iende wapi kwanza?

Familia nyingi za Malambo, wilayani Ngorongoro, hununua mahindi kwa pesa ya mbuzi. Gunia likiingiwa na dumuzi, mbuzi huyo ameliwa bure. Ndiyo maana pesa ya kwanza ningeielekeza kwenye mahindi; nyanya na mboga zisubiri.

Kwa mahindi kuna mfuko wa PICS, wenye plastiki mbili nzito ndani na kiroba nje. Ulibuniwa Kameruni miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, na hapa Tanzania ule wa kilo 100 umeuzwa kwa miaka mingi karibu shilingi 5,000. Kiroba cha kawaida ni rahisi zaidi, lakini kinadai dawa ya unga kila msimu, na dawa hupungua nguvu baada ya miezi kadhaa, mbali na hatari ya kuuziwa bandia. Mfuko hauhitaji dawa: ukifungwa barabara, wadudu humaliza oksijeni iliyomo, wakafa. Ukiwekwa juu ya chaga, mbali na panya, utakufaa msimu wa pili na hata wa tatu. Okoa debe moja tu la mahindi, na gharama yake imesharudi.

Ila mfuko hauponyi mahindi yasiyokauka. Tia punje kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, ongeza chumvi kavu, tikisa, kisha subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Usipuuze hili: mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara, na ikishaingia kwenye punje hakuna mfuko wa kuiondoa. Tena, kila ukifungua mfuko hewa huingia. Ya kula wiki hii yakae kwenye ndoo yenye kifuniko, akiba ibaki imefungwa.

Kwa nyanya na mboga kuna mtungi ndani ya mtungi, wenye mchanga mbichi katikati, ambao ulimpa mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria tuzo ya Rolex mwaka 2000. Maji yakikauka huondoka na joto, nyanya zikadumu. Unafaa penye hewa kavu, kwa hiyo kiangazi cha Malambo kingeufaa sana, na masika au pwani ungesuasua. Lakini lazima mchanga uloweshwe kila siku, na kiangazi ndipo mama anapofuata maji mbali na punda. Kwangu, gharama ya mtungi ni hayo maji zaidi ya udongo. Anayeishi karibu na bomba aujaribu. Aliye mbali akaushe majani ya kunde kivulini, penye upepo. Hilo halimgharimu senti.

Kwa maziwa sioni sababu ya kununua chochote. Kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha mti wa oloirien huyatunza na kuyapa ladha ambayo ndoo ya plastiki haina, na yakizidi, samli hukaa miezi. Nyama nayo Wamasai huikausha, huikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta.

Basi ukifika dukani Karatu kununua mfuko, omba plastiki zake zote mbili zitolewe. Zijaze hewa moja moja, sokota mdomo, kandamiza huku sikio likiwa karibu. Inayovuja, mwachie muuzaji.